Mtoto Aliyebaki Pangoni

Unga uliotoka mashineni sasa hivi una harufu yake. Si ile ya unga wa dukani uliokaa kwenye mfuko mpaka ukasahau kwamba uliwahi kuwa mahindi. Ni harufu ya joto, ya pumba, na ya dizeli kidogo. Mwaka jana nilikwenda Songea kumtembelea mdogo wangu Bonifasi, na bodaboda iliyonibeba ilipopita Bombambili mbele ya mashine ya kusaga, harufu hiyo ikanikamata. Nikamwomba kijana asimame. Alisubiri kidogo, kisha akauliza, "Mama, kuna kitu umesahau?" Nikamwambia hapana, twende. Sikusema kweli. Niliwahi kusahau kitu pale, tena kikubwa kuliko debe la mahindi.

Jioni ile binti wa Boni, mwenye miaka mitano, alikuja kunionyesha hadithi kwenye simu ya mama yake. Kulikuwa na jitu la rangi ya zambarau lenye macho makubwa kama sahani, linalolia kwa sababu hakuna aliyefika kwenye siku yake ya kuzaliwa. Mwishoni watoto wote wakaja, wakaliimbia, likafurahi. "Shangazi, umeona ni zuri?" Nikasema nimeona. Boni akanitazama kutoka upande wa pili wa meza, nami nikamtazama, tukacheka kicheko ambacho mkewe hakukielewa. Sina ugomvi na simu. Lakini wa rika langu, mliokua kabla majitu hayajafundishwa adabu, niruhusuni niwaeleze tulichokuwa tunachekea.

Nilikuwa na miaka kama kumi wakati huo, Boni mitano. Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Wazazi wetu, waliokuwa wamezoea kupanga foleni kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni, sasa waliiona sabuni imepangwa dukani mpaka karibu na dari, ya rangi tatu, na wengine waliingia kuitazama tu. Viatu vya mitumba vilifika. Biskuti zenye krimu zilifika. Hatua chache kutoka kwenye mashine ya kusaga kilifunguliwa kibanda cha video chenye jenereta yake, na mlangoni likatundikwa gunia ili wasiolipa wasichungulie. Kila kilichotoka mbali kilionekana kitamu kuliko chetu, na sisi watoto ndio tulikuwa wa kwanza kuamini hivyo.

Baba alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini. Alizichukua herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye visanduku na kuzipanga kinyume, mstari baada ya mstari, na aliweza kusoma kinyume haraka kuliko mwalimu wetu alivyosoma sawasawa. Mama aliuza dagaa wa Nyasa sokoni, akiondoka alfajiri na kurudi jua likizama. Aliyetulea mchana alikuwa Bibi Skolastika, mama yake Baba, aliyeletwa kwetu kutoka Maposeni baada ya Babu kufariki. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenzangu, na kila nilipokosea kupika alisema sasa anaelewa kwa nini mume wetu, marehemu Babu, alikonda.

Bibi hakujua kusoma. Kwa jinsi alivyojua, jina lake lilikuwa limeandikwa mara mbili tu duniani. Mara ya kwanza ni kwenye cheti cha ubatizo, ambacho mchwa walikila. Mara ya pili ni kwenye kadi ya zahanati, ambako mwandishi alichoka katikati ya kazi na kuandika "Sikola". Kadi ile aliihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai, na wakati mwingine aliitoa na kuniomba nimsomee. "Sikola," ningesema. "Na hiyo nyingine wameitupa wapi?" angeuliza, kisha angeirudisha koponi kwa uangalifu, kwani nusu ya jina ni bora kuliko kukosa kabisa.

Hadithi alisimulia wakati wa kupukuchua mahindi, jua likiwa linaaga na Mama yuko njiani. Hakuanza na maneno wanayoanza nayo wengine. Alituita kwa majina, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa alijibu, "Nimo ndani." Hata kama tulikuwa wawili tu mbele yake, magoti yetu yakigusana na ungo, alituita. Kisha, kabla mlango haujarudishwa na kabla ugali haujapakuliwa, aliuliza swali moja, "Nani amebaki nje?" Mkubwa wa watoto alipaswa kujibu, "Wamo wote." Mkubwa nilikuwa mimi. Nilijibu kila siku bila kuinua macho, kama mtu anavyojibu "amina".

Alikuwa na hadithi nyingi, lakini iliyokuwa mama wa nyingine zote ilikuwa hii. Moto ulizimika katika nyumba moja. Msichana akatumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, akaenda na mdogo wake mgongoni. Jirani akampa kaa juu ya kigae. Njiani msichana akakuta masuku, yale matunda ya porini, yameiva yameanguka chini, akaketi akala, akala tena, na alipogeuka kaa lilikuwa jivu. Akaona aibu kurudi kwa jirani. Akaona moshi kwenye jiwe kubwa, akaufuata, akakuta Jitu limeketi mbele ya pango likiota moto. Jitu likasema, "Moto nitakupa. Utaniachia nini cha kushika?" Msichana akamshusha mdogo wake. "Mshike huyu. Nitamfuata jioni." Akafika nyumbani na moto. Ukawaka, ugali ukaiva, wakamsifu, akala, akalala mahali penye joto. Alfajiri mama yake akauliza, "Mdogo wako yuko wapi?" Msichana akakimbia mpaka kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa baridi. Hapakuwa na moshi wala Jitu. Akaita, na sauti yake ikamrudia yenyewe.

Bibi alimalizia kwa maneno yaleyale siku zote. "Jitu halikudanganya. Lilikubaliana jioni. Moto uliwaka, mtoto hakurudi." Hakusema "mafunzo ya hadithi hii ni haya na haya" kama vitabu vya shule. Alituachia ule ubaridi wa jiwe tukae nao, na mahindi yakaendelea kuanguka kwenye ungo.

Nilimwonea huruma mtoto yule kuliko watoto wote niliowahi kuwajua. Na kwa sababu nilikuwa na akili, au nilidhani ninayo, nikafanya uchunguzi, nikagundua kwamba msichana wa hadithi alikuwa Bibi mwenyewe. Ingekuwaje ajue masuku yalikuwa matamu kiasi gani? Siku moja nikajikaza nikamuuliza, "Bibi, yule mdogo wako uliyemwacha kwenye jiwe alikuwa anaitwa nani?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mdogo wangu wa kiume nilikuwa naye mmoja tu. Yuko Namasakata, kaoa kwa Wayao, kaslimu, anakula korosho na kunenepa. Ungependa nimwandikie barua aje pangoni?"

Basi nikaja na wazo jingine, baya zaidi. Kama si yeye aliyemwacha mtoto, basi yeye ndiye anayemfungia. Hadithi ilikuwa yake, mdomo ulikuwa wake. Akitaka, angesema tu "mtoto akatoka", na mtoto angetoka. Kila jioni nilisubiri labda leo atamhurumia, na kila jioni alimwacha mle. Nilimpenda sana Bibi, lakini kwa jambo hili nilimwona mkatili, na nilimwombea kwa siri kanisani.

Ndipo akaja Dada Stella. Alikuwa dada wa mjini mwenye nywele za kusuka vizuri, ametumwa na mradi wa vitabu vya watoto kutoka Dar es Salaam kukusanya hadithi za wazee, na kiwanda cha akina Baba ndicho kilichopata kazi ya kuvichapa. Baba akamleta nyumbani. Alimwamkia Bibi shikamoo kwa magoti, akaweka redio kaseti juu ya kinu, akarekodi. Bibi alisimulia kwa saa nzima, na hadithi ya moto aliiweka mwisho. Dada Stella alipofunga redio alifuta macho. Akamwambia Bibi kwamba chini ya kila hadithi litaandikwa jina la msimulizi.

"Jina lote?" Bibi aliuliza.

"Lote, Bibi. Skolastika, na la ukoo wako, na la kijiji ulichotoka."

Tangu siku hiyo Bibi alibadilika. Alitembea kwa majirani bila sababu. Alinituma nimwandikie jina lake juu ya udongo kwa kijiti ili alitazame, akalizunguka, akauliza kama kitabuni litakuwa refu hivyo. Siku moja alisema, akipepeta, wala hakuwa anazungumza na mtu, "Nikifa, mtu wa Mbinga ambaye hanijui atasoma kwamba nilikuwepo." Sikuwahi kumwona akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe kabla ya hapo.

Baada ya miezi michache Baba alirudi na karatasi za majaribio, wino wake ukiwa bado unanuka. Akanipa mimi zile kurasa za Bibi na kidau cha wino wa mhuri. "Msomee neno kwa neno," alisema. "Akiridhika, aweke dole gumba hapa chini." Nikamuuliza kwa nini asimsomee yeye. Akasema macho yake yamechoka kwa herufi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba macho hayakuwa na tatizo lolote. Ni yeye aliyezipanga zile herufi, na alikuwa ameshaona kilichoandikwa.

Nilikwenda kusoma peke yangu kwanza, nyuma ya choo. Hadithi ilikuwa imepewa jina la Jitu Rafiki. Masuku yalikuwepo, kaa lilikuwepo. Lakini Jitu lilikuwa limekaa pangoni kwa upweke, likitamani mtoto wa kucheza naye. Likamlisha karanga, likamfunika blanketi, na asubuhi likambeba begani mpaka nyumbani kwao. Mama yake akaoka keki. Kijiji kizima kikacheza ngoma, na Jitu katikati. Kulikuwa na picha, Jitu likitabasamu kwa meno yaliyopangwa sawasawa.

Niseme ukweli jinsi nilivyojisikia. Nilifurahi mpaka nikalia. Ametoka. Baada ya miaka yote hiyo mtu amemfungulia, na imeandikwa, na kilichoandikwa na Baba yangu kwa risasi hakifutiki. Nilimsomea Boni siku ileile, mara tatu, naye akarukaruka. Usiku nililala vizuri kuliko nilivyowahi kulala. Kwa hiyo anayesema kwamba hadithi laini haziwapi watoto chochote, mimi sitamuunga mkono. Zinawapa usingizi.

Lakini nilijua pia kwamba Bibi akisikia mwisho ule atamrudisha mtoto ndani. Kwa hiyo kesho yake niliketi mbele yake, karatasi mkononi, nikasoma neno kwa neno mpaka kwenye pango, na hapo nikaacha kusoma. Macho yangu yalikuwa kwenye keki na ngoma, mdomo wangu ukasema kwa kumbukumbu, "Jitu halikudanganya. Lilikubaliana jioni. Moto uliwaka, mtoto hakurudi." Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho. "Wameandika vilevile," alisema, kwa mshangao wa mtu aliyezoea kupunjwa. Akaomba nimwonyeshe jina lake lilipo. Akaligusa. Kisha akaweka dole gumba kwenye wino, akalikandamiza karatasini kwa nguvu kana kwamba anapanda mbegu. Nilikuwa nimemwokoa mtoto, na nilimwibia Bibi, na wakati ule niliona lile la kwanza tu.

Jumamosi iliyofuata Bibi alinituma mashineni na debe la mahindi, na Boni akafuata. Mashineni vyombo ndivyo vilivyopanga foleni: madebe, ndoo, sufuria, beseni, na wenye vyombo walikaa kivulini. Lakini chombo kisicho na mtu kilikuwa na tabia ya kurudi nyuma chenyewe, kwa hiyo mtu alipaswa kukilinda. Wakati huo jenereta ya kibanda cha video ikaunguruma, na wasichana wawili wa darasa langu wakaniita. Nikamkalisha Boni juu ya debe. "Kaa hapa. Usitoke mpaka nirudi." Akauliza nitarudi saa ngapi. Nikasema, "Jioni."

Nilisema neno hilo bila kulisikia. Ningelisikia wiki moja kabla, lingenichoma ulimi. Lakini kwa wiki ile nilikuwa sina tena jiwe baridi kichwani. Nilikuwa na keki.

Nikaingia chini ya gunia, nikatazama watu wakirushana mateke juu ya mapaa kwa muda ambao siujui. Tulipotoka tulikuwa tunaigiza mateke yale barabarani, tukacheka, tukaachana njia panda, nikafika nyumbani nikachukua ndoo nikaenda bombani, nikarudi, nikachochea moto. Mama alifika, akavua viatu. Bibi, aliyekuwa uani, akaja mlangoni, akaushika ubao wa mlango, akauliza swali lake.

"Nani amebaki nje?"

Nikafungua mdomo niseme "Wamo wote". Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Hapo ndipo nililiona jiwe. Si Jitu lenye meno mazuri, wala blanketi, bali jiwe lenyewe, baridi, bila moshi. Nikasikia mtu anaita na sauti yake inamrudia.

"Boni," nilisema.

Bibi hakunipiga wala hakuuliza. "Kimbia," alisema. "Mama yako na mimi tunakuja nyuma."

Nilikimbia peku. Njia nzima niliahidi vitu ambavyo sikuwa navyo. Mashine ilikuwa imezimwa, mlango umefungwa kwa kufuli, na kwenye kibaraza fundi wa mashine, mweupe kwa unga kuanzia kope hadi magoti, alikuwa ameketi karibu na debe letu. Juu ya debe aliketi Boni, akitabasamu.

"Ndiye huyo dada yako?" fundi alimuuliza. Kisha akanigeukia. "Nimefunga, nimegeuka, namkuta. Tangu mchana hajasema neno. Hajalia, hajauliza. Nilidhani ni mtoto wa mmoja wa wale akina mama. Nimemwambia nimpeleke kwao, anasema hapana, anasubiri."

Nikamshika Boni. Nilikuwa nalia, yeye hakulia. "Uliogopa?" nilimuuliza.

"Sikuogopa," alisema. "Nilijua ukisahau, Jitu litanileta."

Nimelifikiria jibu hilo maisha yangu yote. Aliyemsahau ni mimi. Kitabu hakikunishika mkono kunipeleka kwenye video, na sitakisingizia. Lakini kama Boni angeogopa, angelia, na kama angelia, akina mama kumi waliokuwa pale wangemuuliza anaitwa nani na kumleta nyumbani kabla ya saa tisa. Hofu ingempigia kelele. Badala yake alikaa kimya, ametulia, katikati ya watu, na hakuna aliyejua kwamba amepotea, hata yeye mwenyewe.

Bibi na Mama walipofika, Bibi, akihema, alimpapasa Boni kichwa, mikono, miguu, kama mtu anayekagua ndizi sokoni. Akamshukuru fundi, akampa mahindi kibaba kimoja, fundi akakataa. Tulipofika nyumbani sikuweza kula. Nilimfuata Bibi jikoni nikamwambia yote: kurasa, keki, ngoma, na mdomo wangu uliosoma kisichoandikwa.

Alisukuma ukuni ndani ya moto. "Kwa hiyo kwenye kitabu mtoto anatoka?"

"Anatoka, Bibi."

"Nani anamtoa?"

"Jitu."

"Jitu lenyewe." Alitikisa kichwa polepole, na nadhani alitaka kucheka. "Nawe ulikuwa umefurahi."

"Ndiyo. Nilitaka atoke. Kwa nini wewe humtoi?"

Akanivuta karibu. Sijasahau hata neno moja. "Mke mwenzangu, yule akitoka, nani atakumbuka kuuliza mlangoni? Yule amekaa mle ili nyie msikae. Bibi yangu alimwacha mle, na bibi yake pia. Tumekuwa tukimhurumia wote. Hakuna aliyemtoa."

Baba aliporudi, Bibi alimwambia anataka jina lake litolewe. Baba akaketi chini. Alijaribu. Alisema watoto wa siku hizi wana hofu za kutosha, alisema mradi ukiudhika hautaleta kazi nyingine kiwandani, na kazi zenyewe zimepungua tangu vitabu vya nje vilipoanza kuingia. Mwisho akasema kwa sauti ya mtoto, "Mama, ni jina lako. Nililipanga mwenyewe. Nilichagua herufi ambazo hazijachakaa."

"Najua," Bibi alisema. "Ndiyo maana nakuomba wewe ulitoe, asilitoe mtu mwingine."

Dada Stella alikuja nyumbani. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu amdhanie hivyo. Alieleza kwamba hadithi ilijaribiwa kwa watoto shuleni na baadhi yao walilia.

"Walilia," Bibi alirudia. "Na walipomaliza kulia walifanya nini?"

Dada Stella hakujua. Hakuna aliyekaa kuwatazama. Akasema wenye mradi wameshaukubali mwisho ule na haubadiliki, lakini jina linaweza kubaki, na ni heshima kubwa, Bibi afikirie. Bibi akamtazama kwa upole. "Mwanangu, hadithi yenu ni nzuri. Ina keki. Lakini si mimi niliyeisimulia, na mimi siwezi kuweka jina langu kwa mtoto wa watu."

Hapa ningeweza kuwapoza. Ningeweza kusema Baba alibaki kiwandani wakati wa chakula cha mchana, akaupanga mwisho wa kweli kwa siri, akachapa nakala moja yenye jina la Bibi, akampelekea. Nimewahi kuisimulia hivyo ugenini, na watu walipenda. Haikuwa hivyo. Baba alikuwa na watoto wa kulisha. Aliondoa mstari mmoja wa herufi, akazirudisha visandukuni, basi. Bibi alifariki miaka kadhaa baadaye, na mpaka leo jina lake halijaandikwa kwenye kitabu chochote.

Lakini kuna siku moja ninayoimiliki. Vitabu vilipotoka Baba alileta kimoja, akakiweka mezani. Bibi aliniita, akafuta kiti kwa kanga yake, akaniambia nimsomee hadithi ya Jitu Rafiki, safari hii kama ilivyoandikwa, nisimwonee huruma. Nikasoma. Nilisoma karanga, nikasoma blanketi, nikasoma keki na ngoma mpaka nukta ya mwisho. Hakunikatiza hata mara moja.

"Umesoma vizuri," alisema. "Na chini pameandikwa nini?"

Nikatazama chini ya ukurasa, kisha nikageuza, nikatazama na upande wa pili, ingawa nilijua. "Pameandikwa 'Hadithi ya kale'."

"Jina?"

"Halipo, Bibi."

"Tazama tena. Lilikuwa refu."

"Halipo kabisa."

Akanyoosha mgongo. Nilimwona mwanamke aliyetaka kitu kimoja tu katika uzee wake, akapewa, akakirudisha kwa mkono wake kwa sababu ya mtoto ambaye hajawahi kuzaliwa na watoto ambao hajawahi kuwaona. "Basi wamenisikia," alisema. Nimesoma majina mengi kwenye vitabu tangu siku ile, na baadhi nayaheshimu sana, lakini hakuna jina lililowahi kunipa fahari kama lile nililolitafuta ukurasa mzima nikalikosa.